Sura ya Sita: Imekufa au Imekataa?

"Mwalimu, imekufa tena."

Hakuna neno nililolisikia mara nyingi kama hilo tangu nianze kufundisha vijana kujaribu saketi kwenye kompyuta kabla ya kushika lehemu. Anayelisema huwa ameshaondoa mikono kwenye kibodi, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Nami, kabla sijavuta kiti, humuuliza swali moja: "Imekufa au imekataa?"

Wengi hawaoni tofauti. Saketi ilikuwa kwenye kioo, wakabonyeza kitufe cha kuiendesha, jibu halikuja, basi imekufa. Lakini kama dirisha bado lipo na ujumbe wa kosa umeandikwa, programu ingali hai. Imejaribu kukokotoa, imeshindwa, na imekiri kwamba imeshindwa. Huko ndiko kukataa. Kufa ni pale dirisha zima linapotoweka bila neno, au terminali inapoandika kwamba mfumo endeshi umeisimamisha kwa nguvu.

Haya ni maradhi mawili. Chanzo chake ni mbalimbali, dawa yake ni mbalimbali, hata mwenye kosa si yule yule. Siku nzima hupotea mtu akitibu moja kwa dawa ya jingine: anaifuta programu na kuisakinisha upya mara tatu, kumbe aliandika vibaya thamani ya rezista; au anabadilisha rezista kutwa, kumbe ufa uko ndani ya programu yenyewe. Katika sura hii nataka tujifunze kuyatenganisha, kisha tushughulike na kila moja kwa zamu.

Urithi wa Berkeley

Mifano yangu yote inatoka kwenye ngspice, programu huria inayotumiwa sana kuiga saketi. Huenda unaitumia bila kujua, kwa sababu KiCad, programu huria ya kuchora saketi na bodi zake, imeibeba ndani yake tangu toleo la 5 la mwaka 2018.

Ukoo wake unaanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwanafunzi Laurence Nagel aliandika programu ya kukokotoa saketi iliyopewa jina la SPICE, ikatangazwa katika mkutano wa wataalamu huko Waterloo, Kanada, mwezi Aprili 1973. Toleo la pili, SPICE2, lilifuata mwaka 1975. Profesa aliyemsimamia, Donald Pederson, alishika msimamo mmoja: programu hiyo isifungiwe. Aliyeitaka aliipata pamoja na msimbo wake wote, aone ilivyojengwa, airekebishe. Katika miaka ya 1980 Thomas Quarles aliiandika upya kwa lugha ya C, ikawa SPICE3, na juu ya toleo lake la mwisho ndipo ngspice ilipojengwa.

Nasimulia ukoo huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, tabia nyingi zinazowashangaza wanaoanza ni za enzi hizo. SPICE ya awali ililishwa kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na kadi ya kwanza ya kila rundo ilikuwa ya jina la kazi. Mpaka leo mstari wa kwanza wa faili ni jina tu, programu haiuhesabu. Ukiandika chanzo chako cha umeme kwenye mstari huo, kitamezwa kimya kimya na saketi itabaki bila umeme. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo nitaifikia mwishoni.

Inapokataa

Tuanze na kukataa, maana ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi.

Ukitaka kujua volti ya kila nodi, programu huandika milinganyo ya Kirchhoff: mkondo unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka. Saketi yenye rezista tupu humalizwa kwa mkupuo mmoja. Diodi ikiingia, mambo hubadilika, kwa sababu mkondo wake haupandi sambamba na volti. Hapo programu hukisia jibu, hulipima, hulisahihisha, kisha hukisia tena. Hii ni mbinu ya Newton. Makisio mawili yanayofuatana yakikaribiana kiasi cha tofauti kuwa chini ya sehemu moja kwa 1,000, hutosheka. Duru 100 zikipita bila kutosheka, hukubali kwamba njia hiyo imefungwa.

Ugumu uko wapi? Chukua diodi ya kawaida ya silikoni yenye mkondo wa msingi wa ampea 10⁻¹⁴. Kwa volti 0.6 inapitisha ampea 0.00012. Kwa volti 0.7 inapitisha karibu ampea 0.006, yaani mara 48 zaidi kwa nyongeza ya sehemu moja tu ya kumi ya volti. Sasa kisio likiteleza likafika volti 5, mlinganyo ule ule unatoa ampea zenye tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 70. Kwa volti 20 jibu haliandikiki kabisa: linapita namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta huweza kushika katika hesabu zake za kawaida. Ndiyo maana programu hizi zina breki ndani yake, zisiruhusu kisio la diodi kuruka mbali kwa hatua moja.

Breki isipotosha, ngspice hujaribu njia mbili za pembeni. Ya kwanza ni kuweka upenyo mdogo wa umeme kutoka kila nodi hadi kwenye ethi, saketi ipate kutulia, kisha kuuziba upenyo huo kidogo kidogo. Ya pili ni kuzima vyanzo vyote vya umeme na kuvipandisha polepole toka sufuri, kama fundi anayejaribu redio iliyotoka kutengenezwa kwa kuiongezea volti taratibu. Njia zote mbili zikishindwa, ndipo unapoona ujumbe wa kukataa.

Usiufunge ujumbe huo kwa hasira. Usome. Mara nyingi umetaja jina la nodi yenye matatizo, na kwa majaribio yanayokwenda na wakati umetaja pia sekunde yenyewe ambayo hesabu ilikwama. Hiyo ni anwani ya kosa, umepewa bure.

Ujumbe unaosema "singular matrix" maana yake ni kwamba milinganyo haina jibu moja. Sababu zake ni chache. Labda kuna nodi inayoelea: kapasita mbili zimeunganishwa mfululizo, na kwa umeme wa DC kapasita haipitishi kitu, basi nodi iliyo katikati haina njia ya kufika kwenye ethi na volti yake inaweza kuwa yoyote ile. Labda ulisahau kabisa kuandika nodi ya 0, ambayo ndiyo ethi ya SPICE. Labda umeweka betri mbili sambamba zenye volti tofauti, au betri moja sambamba na koili isiyo na ukinzani wowote, jambo ambalo kwa DC ni shoti.

Ujumbe unaosema "timestep too small" una hadithi nyingine. Programu husonga mbele kwa hatua ndogo za wakati. Ikishindwa kupata jibu kwenye hatua moja, huigawa kwa 8 na kujaribu tena, kisha kwa 8 nyingine, na kuendelea, mpaka hatua inakuwa ndogo kiasi cha kukosa maana. Mwanafunzi mmoja aliniletea saketi ya swichi ya transista inayoendesha koili ya rilei, ikikataa kila mara swichi inapofunguka. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukichomoa waya wa rilei halisi ukiwa na umeme, unaona nini?" Akajibu papo hapo: "Cheche." Hilo ndilo jibu. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Katika mchoro wake mkondo haukuwa na pa kwenda, na volti ikataka kupanda bila kikomo. Aliweka diodi kinyume sambamba na koili, kama wafanyavyo mafundi wote mezani, na jaribio likapita.

Mfano huo umebeba somo zima la sehemu hii. Programu hukataa, mara nyingi, pale mchoro ulipouacha ukweli. Waya halisi una ukinzani. Diodi halisi ina ukinzani kidogo na ukapasita kidogo. Swichi halisi haifunguki kwa muda wa sufuri. Rudisha vitu hivyo kwenye mchoro: rezista ya ohm 1G kutoka nodi inayoelea hadi kwenye ethi, ohm 0.01 mfululizo na betri, pikofaradi chache kwenye diodi. Hayo yakishindwa, na hapo tu, ndipo uguse mipangilio ya hesabu: ruhusu duru zaidi kwa kila hatua, badilisha mbinu ya hesabu kutoka trapezoidal kwenda Gear, au legeza usahihi kutoka 0.001 hadi 0.01. Anayeanza na mipangilio amenyamazisha malalamiko ya mgonjwa bila kumpima.

Inapokubali kwa uongo

Kabla ya kufika kwenye kifo, niweke onyo. Tazama faili hii, saketi ndogo ya kugeuza AC kuwa DC:

Saketi ya diodi moja
V1 a 0 SIN(0 17 50)
D1 a b DX
C1 b 0 1000u
R1 b 0 1M
.model DX D(IS=1e-14)
.tran 0.1m 100m
.end

Aliyeiandika alikusudia R1 iwe megaohm moja. Lakini SPICE haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na kwake M ni mili; mega huandikwa MEG. Kwa hiyo R1 ni sehemu moja ya elfu ya ohm, yaani shoti kamili kwenye tokeo, na diodi hii ya karatasi, isiyo na ukinzani wake, inapitisha karibu ampea 16,000 kwenye kilele cha wimbi. Programu inaweza kuikubali hesabu hiyo bila malalamiko yoyote. Hali kadhalika kapasita uliyoiandika 1F ukikusudia faradi moja husomwa kuwa femtofaradi, kwa sababu F ni femto.

Anayekataa amekuokoa. Wa kuogopwa ni anayejibu upesi, kwa grafu nzuri, jibu ambalo si kweli. Kwa hiyo hata jaribio likipita, pima mkondo wa vifaa viwili vitatu na ujiulize kama ungeweza kuvishika kwa mkono.

Inapokufa

Sasa kifo chenyewe. Mfumo endeshi huipa kila programu sehemu yake ya kumbukumbu, kama mpangaji na chumba chake. Programu ikinyoosha mkono kwenye chumba kisicho chake, mfumo huiua papo hapo. Kwenye Linux terminali huandika "Segmentation fault", na ukiuliza namba ya kutokea utapewa 139: 128 pamoja na 11, ambayo ndiyo namba ya ishara ya kosa hilo.

Sababu ya kawaida ni rahisi kuieleza. Msimbo umetumwa kutafuta kitu, tuseme modeli ya transista kwa jina lake. Modeli haipo kwenye faili. Kazi ya kutafuta inarudi na anwani sufuri, maana yake "sikupata". Aliyeandika msimbo amesahau kuuliza kama kilipatikana, programu inakwenda kwenye anwani sufuri, na hapo ndipo inapouawa.

Tafadhali lishike hili, kwa sababu vijana wengi hujilaumu bure: programu ikifa, kosa si lako. Hata kama faili yako imejaa makosa, wajibu wa programu ni kukuambia ulipokosea. Mtumiaji ana haki ya kukosea. Programu haina haki ya kufa kwa sababu hiyo.

Uchunguzi una mpangilio wake, nami hufuata huu.

Kwanza, ihakikishe hali yenyewe. Endesha faili ile ile mara tatu. Ikifa palepale kila mara, una bahati, kwa sababu kosa linalojirudia hushikika. Angalia pia kama haikuuawa kwa njaa ya kumbukumbu. Usipotaja unachotaka, ngspice huhifadhi volti ya kila nodi kwa kila hatua. Sekunde 10 za jaribio kwa hatua za mikrosekunde 1 ni hatua 10,000,000; zikizidishwa kwa nodi 50 na baiti 8 kwa kila namba, hizo ni gigabaiti 4. Kompyuta ndogo huzidiwa, na Linux huiua programu kwa neno moja, "Killed". Dawa yake ni amri ya .save ikitaja nodi mbili tatu unazozihitaji.

Pili, tenga mchoraji na mkokotozi. KiCad huipakia ngspice ndani ya mwili wake, kwa hiyo mkokotozi akifa, dirisha la michoro hufa naye. Toa faili ya maandishi ya saketi yako, kisha iendeshe kwenye terminali kwa ngspice peke yake: ngspice -b saketi.cir. Ikifa hapo pia, hitilafu iko kwenye mkokotozi. Isipokufa, mtafute mchoraji.

Tatu, uliza toleo. Andika ngspice -v. Matoleo yanayokuja na mfumo endeshi mara nyingi yamepitwa na wakati, na inawezekana hitilafu yako ilishatibiwa zamani.

Nne, gawa katikati. Fundi anayetafuta mahali waya mrefu ulipokatika hapimi kila inchi. Hupima katikati, akajua nusu ipi nzima, akaendelea na nusu nyingine. Fanya hivyo kwa saketi. Ina vifaa 64? Ondoa 32. Bado inakufa? Ondoa 16. Mambo yakikaa vizuri, baada ya mikato sita unabaki na kifaa kimoja na mstari wake. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayozaa matunda kuliko zote. Faili ya mistari mitano inayoua programu ina thamani kubwa kuliko malalamiko ya kurasa mbili.

Tano, mwulize marehemu. Andika gdb --args ngspice -b saketi.cir, kisha run, na programu ikisimama andika bt. Utaona mlolongo wa wito: kazi gani iliita ipi, ile ambayo programu ilifia ikiwa juu na namba 0. Mara nyingi namba 0 ni kazi ya maktaba ya C kama strlen, nayo haina hatia. Imepewa anwani sufuri ikapime urefu wa maneno yasiyokuwepo. Shuka chini mpaka ukutane na jina la kwanza linalotoka kwenye ngspice yenyewe. Jina hilo, pamoja na faili na namba ya mstari, ndipo pa kuanzia. Ukiona alama za kuuliza mahali pa majina, toleo lako lilijengwa bila taarifa za uchunguzi, na itabidi ulijenge upya kutoka kwenye msimbo.

Kuna kifo kimoja chenye hila: jeraha linatokea mahali pengine kabisa na pale mwili unapoanguka. Msimbo umeandika kupita mwisho wa nafasi yake, hakuna aliyegundua, na dakika moja baadaye kazi nyingine isiyohusika inajikwaa kwenye uharibifu huo. Hapo tumia Valgrind, ambayo hukagua kila mguso wa kumbukumbu. Programu itakwenda polepole mara nyingi zaidi, lakini Valgrind itakuonyesha jeraha la kwanza.

Kurudisha

Nilisema nina sababu ya pili ya kusimulia ukoo wa Berkeley. Ni hii: hatua zote hizo tano, kwenye programu iliyofungwa, zingekoma mlangoni. Ungepata ujumbe wa kuomba radhi na kitufe cha kufunga dirisha. Kwenye programu huria unaweza kufika hadi mstari wenyewe wenye ufa, kwa sababu miaka hamsini iliyopita kuna mwalimu aliyekataa kuuficha msimbo.

Neema hiyo ina deni lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na programu ambayo watumiaji wake wanaona ikifa kisha wakanyamaza itaendelea kuwafia wengine. Ngspice hupokea taarifa za hitilafu SourceForge, KiCad huzipokea GitLab. Taarifa njema ni fupi: faili ndogo inayoua, toleo la programu, mfumo endeshi, mlolongo wa wito, na sentensi mbili za ulichotarajia na ulichokiona. Usiweke saketi ya siri ya mteja wako. Ndiyo faida nyingine ya kuipunguza hadi mistari mitano. Kiingereza chako kisikutie haya, maana faili inayojirudia husomeka na kila mtu bila mkalimani.

Wanafunzi wangu hujifunza mambo mengi kwenye somo hili, lakini ninalolithamini zaidi ni badiliko la mikono yao. Siku ya kwanza huiondoa kwenye kibodi kwa hofu. Baada ya miezi michache, dirisha likitoweka, mikono huenda moja kwa moja kwenye terminali. Nawe msomaji, programu ikikufia leo usiku, usiizime kompyuta ukalala. Ihifadhi faili ile kama ilivyo, ipunguze hadi ibaki na mistari michache, uitume. Kuna mtu ataamka kesho asikutane na kifo hicho, kwa sababu wewe ulikitolea taarifa.